Namna ya Kujenga Kozi za Tiba Mtandaoni kwa Vipande Vinavyotumika Tena

Mwongozo huu ni kwa walimu wa vyuo vya afya vya Dodoma na mikoa jirani wanaoweka masomo yao kwenye Moodle (mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni), na ambao hawataki kuandika somo lilelile mara tatu kwa madaktari, wauguzi na wafamasia. Nitatumia mfano wa dawa ya artesuneti ya sindano katika malaria kali.

Hatua ya kwanza: kaeni pamoja walimu wa kada zote, mfungue mitaala na kutia alama kila mada inayojirudia.

Hatua ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote: tenga dozi na maelezo yanayoizunguka. Dozi hubadilika. Mwaka 2015 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulielekeza kwamba mtoto mwenye uzito chini ya kilo 20 apewe miligramu 3 kwa kila kilo, huku wagonjwa wengine wakibaki na 2.4. Iwapo tarakimu hiyo imetamkwa kwenye video, ikaandikwa kwenye slaidi na kurudiwa kwenye maswali, ni rahisi mwalimu asahihishe mahali pawili na kusahau pa tatu, na mwanafunzi aliyejifunzia hapo pa tatu ndiye atakayemdunga mtoto. Kwa hiyo tengeneza kipande kimoja cha H5P (zana ya kutengenezea maudhui shirikishi ndani ya Moodle) chenye jedwali la dozi, saa za kuirudia (wakati wa kupokelewa, baada ya saa 12, na baada ya saa 24) na tarehe ambayo daktari bingwa alilipitia. Video ieleze namna ya kuchanganya na kudunga dawa. Visa vya wagonjwa, ambavyo kila kada itakuwa na vyake, vimwelekeze msomaji kwenye jedwali bila kuitaja dozi.

Hatua ya tatu: hifadhi kipande hicho kwenye benki ya maudhui (ghala la vipande vya H5P ndani ya Moodle), iliyopo tangu Moodle 3.9, katika ngazi ya kategoria inayobeba kozi zote tatu. Unapokiingiza kwenye kozi, chagua kiungo, usichague nakala. Kiungo hufuata kila sahihisho; nakala hubaki kama ilivyokuwa siku ile.

Hatua ya nne: maswali ya hesabu ya dozi hayakwepi tarakimu, hivyo yape lebo moja kwenye benki ya maswali ili yapatikane yote kwa pamoja.

Hatua ya tano: jaribu kozi kwenye simu. Mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo katika kituo cha afya cha kijijini huko Mpwapwa au Kondoa anaweza kupakua H5P kwa programu ya Moodle na kusoma bila mtandao, lakini alichopakua hakijisahihishi hadi mtandao urudi. Ndiyo maana tarehe ya mapitio iwe juu kabisa ya jedwali, kwa herufi kubwa.

Kabla ya kufungua kozi kwa wanafunzi, badilisha neno moja kwenye jedwali, kisha ingia katika kozi zote tatu. Palipobaki neno la zamani pana nakala. Ifute na uweke kiungo.