Kabla hujatangaza mada ya wiki kwenye klabu ya kuongea, angalia haya kwanza (toka Tanga)

Kwenye klabu ya kuongea, yaani zile za watu kukutana kufanya mazoezi ya kuzungumza mbele za watu, mada ya wiki watu wanaichukulia poa sana. MC wa wiki anakumbuka Alhamisi usiku kwamba Jumamosi kuna mkutano, anaingia kwenye grupu anaandika "wanaklabu wenzangu mada yetu wiki hii ni MAFANIKIO", anaweka vimoto vitatu, basi kamaliza. Jumamosi mnakaa pale, wa kwanza anasimama anasema mafanikio ni safari, wa pili anasema mafanikio ni kujituma, wa tatu anasema tusikate tamaa, wa nne akisimama unaweza kummalizia sentensi zake ukiwa umekaa. Na sio kwamba watu hawana cha kusema, hao hao ukiwakuta kijiwe cha kahawa Ngamiani saa moja jioni huwanyamazishi, ila mada haijawapa pa kushikia.

Kwa hiyo hapa naandika vitu vya kuangalia kabla hujabonyeza kutuma. Nimewaza klabu za huku Tanga mjini lakini hata mtu wa Muheza au Korogwe yatamfaa.

La kwanza na ndo kubwa kuliko yote, anza na maswali, jina la mada lije baadaye. Chukua karatasi andika maswali nane ambayo mtu anaweza kuulizwa pale pale bila kujiandaa, yakikuishia kwenye la tatu hiyo mada achana nayo hata kama jina lake linapendeza kwenye posta. Mada inapimwa kwenye kipengele cha maswali ya papo kwa papo, kile ambacho Toastmasters wanacho kwenye mikutano yao (hawa ndo mama wa klabu nyingi za aina hii, Ralph Smedley aliianzisha 1924 pale Santa Ana, California) na klabu nyingi hata zisizo zao zimekichukua hivyo hivyo: unaulizwa, unasimama, una dakika moja hadi mbili, kadi ya kijani ya taimkipa ikipanda umefikisha dakika moja, ya njano moja na nusu, nyekundu mbili, malizia ukae. Dakika mbili ukiwa huna stori ni ndefu jamani, we acha tu.

Chukua mada ya "Usafiri". Pana, imevaa suti. Maswali yake yanakuja ya magazetini, oh changamoto za usafiri mkoani kwetu ni zipi, na majibu yanakuja ya magazetini vile vile. Sasa ipunguze iwe "Baiskeli", na Tanga hii kila mtu ana lake kuhusu baiskeli. Nani alikufundisha kuendesha na ulianguka wapi? Umeazima baiskeli ya watu, tairi imepasuka, unaenda kumwambiaje mwenyewe? Mzigo gani wa ajabu umeshawahi kuuona kwenye keria? Umepewa uchague baiskeli au bodaboda, moja tu, mwaka mzima, unachukua ipi na kwa nini? Mjomba wako anataka kuuza baiskeli ya marehemu babu, familia imekutuma wewe ukamzuie, haya ongea naye hapa mbele yetu. Ona hapo, kuna swali la kukumbuka, kuna la kuchagua, kuna la kuigiza, kuna la kushawishi, yaani mtu anatumia misuli tofauti kila swali na bado wote mko kwenye baiskeli.

Ukishayaandika jaribu kuyajibu mwenyewe kwa sauti, sio kichwani, weka simu ihesabu. Swali ambalo wewe uliyelitunga unaishiwa kwenye sekunde ya 20 ukimpa mtu mwingine unamtesa. Pia angalia urefu wake, kuna MC wanauliza swali lina sentensi tano na methali juu, mpaka anamaliza anayeulizwa kasahau mwanzo, swali lisizidi pumzi moja.

Pili, angalia nani hasa wanakuja. Sio walioandikwa kwenye daftari, wanaokuja. Klabu ya mjini unaweza kukuta mwalimu, nesi anayetoka shifti, mwanachuo, kijana wa bandarini, mama mwenye duka la vitenge, na mgeni mmoja kaletwa na rafiki yake anaogopa hata kutaja jina lake. Mada inatakiwa huyo mgeni awe na kitu ndani yake. Mfano bomba la mafuta, lile la kutoka Hoima Uganda kuja hadi Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443, ni habari kubwa na mtu wa Tanga anatamani kuiweka mada, lakini ukiiweka hivyo ilivyo watasimama wawili wanaojua mambo ya mainjinia watoe lekcha na wengine wawe wanafunzi. Igeuze, weka "Kazi mpya mjini", waulize kazi gani babu yako hakuwahi kuisikia, ungekuwa na ekari moja Chongoleani ungefanyia nini, kijana kaja kukuuliza asome fani gani unamwambiaje. Habari ni ile ile ila mlango umekuwa mpana.

Na kama klabu yenu inafanyia mazoezi Kiingereza hapo ndo mada inatakiwa iwe ya kawaida zaidi, ya nyumbani kabisa, maana mtu anatafuta maneno na anatafuta hoja kwa wakati mmoja, ukimuongezea na mada ngumu umemmaliza.

Historia ya hapa hapa msiiache, ina utajiri mno. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi kubwa Tanga, wengi wao askari kutoka India, wakaja kupigwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao kilichoongozwa na Lettow-Vorbeck, na katikati ya mapigano nyuki wakachafuka wakawavamia watu bila kuuliza nani yuko upande gani, ndo maana mpaka leo wengine wanayaita mapigano ya nyuki. MC anaisimulia hiyo kwa dakika moja na nusu pale mwanzo, mada "Nyuki", halafu maswali wala hayahitaji mtu ajue historia: kitu gani kidogo kilishawahi kukuharibia mpango mkubwa? Ulishawahi kukimbia kitu ukacheka baadaye? Au mkonge, miche ya kwanza ililetwa 1893 na Richard Hindorf, ilitoka Florida, mingi ikafa njiani, ikafika hai 62 tu, na kutoka hapo yakaja mashamba yote haya tunayoyapita tukienda Korogwe. Mada "Vilivyobaki". Mi hiyo nikiisikia naanza kuwaza jibu langu hapo hapo kabla sijaulizwa. Ukiwa na uvivu wa kutafuta chukua tu msemo wa hapa hapa, "waja leo waondoka leo", uliza mgeni gani alikuja kwenu kwa siku mbili akakaa mwezi mzima, uone watu watakavyoinuka.

Kalenda nayo. Siku zenyewe zinajulikana, 8 Machi wanawake, 7 Julai Siku ya Kiswahili Duniani ambayo inaangukia Sabasaba, 14 Oktoba Nyerere, na nyingine nyingi. Kuzitumia ni vizuri, ila usibebe kaulimbiu ya serikali nzima nzima ukaibandika, zile zimeandikwa kwa ajili ya bango, toa kitu kimoja ndani yake. Badala ya "Kiswahili kwa maendeleo ya" sijui nini, weka "Maneno ya bibi yangu", watu wataleta maneno ya Kidigo, ya Kibondei, ya Kisambaa, mtacheka na mtajifunza.

Ramadhani iangaliwe kwa umakini wake, na haikai mwezi mmoja, kila mwaka inarudi nyuma siku kama kumi au kumi na moja. Kama mnakutana saa kumi jioni msiweke mada ya vyakula, watu wamefunga wewe unauliza mapishi gani ya samaki unayapenda, huo ni ukatili wa wazi. Masika je, Machi mpaka Mei? Wiki za mvua kubwa mnaweza kujikuta saba, weka mada ambayo watu saba wanaweza kuibeba wakasimama hata mara mbili mbili.

Sehemu za kuumiza. Siasa na dini kila klabu ina msimamo wake, mkubaliane mapema msianze kubishania ukumbini. Ila mimi zinazonipa wasiwasi zaidi ni zile zinazoonekana salama, "Jirani", "Mashoga na marafiki" (shoga wa kipwani, rafiki wa kike), "Ndoa", sisi watu wa pwani tumelelewa kwenye taarabu, mtu anajua kurusha kijembe bila kutaja jina na kila mtu akajua kimemlenga nani, ukiwa na wanachama wawili wasioelewana mada ya jirani inageuka mipasho na taimkipa anabaki na kadi nyekundu mkononi hajui afanye nini. Na muulize katibu, nani kafiwa, nani katoka kuuguza, kabla hujaweka "Mama" au "Hospitali". Ni simu ya dakika mbili.

Kingine ambacho MC wapya wanakikosea, mada haiwahusu wenye spichi za kuandaliwa. Hao wana mpango wao na malengo yao, mwingine anafanyia kazi sauti, mwingine mikono, spichi yake ya dakika tano hadi saba kaiandaa kwa wiki tatu, usimwambie aigeuze iwe ya baiskeli. Mada inabebwa na wewe MC kwenye utangulizi, inabebwa na maswali ya papo kwa papo, na neno la siku, lile ambalo kila anayesimama anajaribu kulichomeka kwenye maongezi yake. Na hilo neno liwe linatumika mdomoni, wiki ya baiskeli weka "kuyumba", biashara inayumba, ndoa inayumba, mtu anaweza kulichomeka popote. Ukiweka msamiati wa kishairi ambao hata mhakiki lugha, yule anayesikiliza lugha inavyotumika mkutanoni, kaukuta kwenye kamusi jana, hakuna atakayelitumia.

Angalieni pia mlichofanya wiki zilizopita, daftari la katibu lipo, mada mbili nzito zisifuatane. Kupanga miezi mitatu mbele ni vizuri ila acheni wiki mbili wazi, mji huu huwa na jambo.

Tangaza Jumatano kwa mkutano wa Jumamosi, taja mada na neno la siku, maswali kaa nayo mwenyewe, ukiyapost watu watakuja wamekariri. Yaandike kwenye vikaratasi, bando na chaji ni vitu vya kuisha, na umpe mwenzako nakala in case umeamka na homa. Weka maswali mawili mepesi pembeni kwa ajili ya wageni, yale ya kukumbuka, sio ya kuigiza, na mgeni umuulize kwanza kabla ya mkutano kama yuko tayari kusimama. Akisema leo anasikiliza tu, muache asikilize, usije ukamtaja jina mbele za watu.