Hamantaschen zisifunguke kwenye oveni

Hamantaschen, zile biskuti za pembe tatu ambazo Wayahudi huoka kwa sikukuu ya Purim, huharibikia zaidi kwenye kukunja. Zinaingia zimesimama vizuri, dakika kumi baadaye zimelala wazi na jemu inachuruzika kwenye trei.

Dawa ni ubaridi. Sukuma donge lako hadi unene wa milimita 3 hivi, kata miduara ya sentimita 7 au 8 kwa mdomo wa glasi, weka kijiko kimoja cha chai cha kijazo katikati, basi. Tamaa ya kujaza ndiyo inayopasua pembe. Pakaa ute wa yai ukingoni, kisha kunja pande tatu kwa kupishanisha: kila upande ulalie mmoja na ulaliwe na mwingine, kama vifuniko vya boksi lililofungwa bila gundi. Kubinya pembe peke yake hakutoshi. Trei nzima ikae friza dakika 20 ndipo uoke kwa nyuzi 180, mpaka kingo ziwe kahawia hafifu.

Kijazo kiwe kizito. Mimi napenda kile cha zamani cha Ulaya Mashariki, mbegu za popi zilizosagwa na kupikwa kwa maziwa na asali. Tende zilizopondwa nazo zinafaa sana. Jemu ya dukani ichemshe kwanza ipungue maji.

Ukiwaokea wanaoshika kosher, yaani sheria za Kiyahudi za chakula zinazokataza kuchanganya nyama na maziwa, na watazila baada ya nyama, acha siagi na maziwa. Tumia majarini isiyo na maziwa kabisa.