Namna ya kusoma katuni za uchaguzi wa Marekani zilizogombania pesa, 1832 hadi 1896

Wiki iliyopita mpwa wangu, anayesoma historia chuoni, alinitumia katuni kwenye WhatsApp na swali moja: "Shikamoo mjomba. Huyu mwanasesere wa matambara anafanya nini kwenye mambo ya benki?" Tulikaa kwenye simu jioni mbili mpaka ikaeleweka. Nafundisha historia, na swali hilo linanirudia kila mwaka, kwa hiyo nimeona niandike njia yote tuliyopita.

Hatua ya 1: Pata picha nzima

Ingia kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, tafuta kwa jina la mchoraji, pakua faili kubwa kuliko zote. Ni bure. Picha zinazozunguka mitandaoni usizitumie, kwa sababu nyingi zimekatwa kingo, na kwenye kingo ndiko kuna tarehe na jina la mchapishaji.

Hatua ya 2: Nakili kila neno lililo ndani ya picha

Tumia daftari na kalamu. Programu za kusoma maandishi sizikubali kabisa kwa kazi hii: herufi zimechorwa kwa mkono, zimejikunja juu ya kofia, mifuko na mikia ya wanyama, na ukinakili mwenyewe jicho lako linalazimika kupita kila kona.

Chukua katuni ya 1836 ya Rais Andrew Jackson akipigana na joka lenye vichwa vingi. Fimbo yake imeandikwa "Veto", yaani kura ya turufu ya rais. Kichwa kikubwa kuliko vyote kimevaa kofia yenye maneno "Penn" na "$35,000,000". Huyo ni Nicholas Biddle, mkuu wa Benki ya Marekani, iliyokuwa imehamia chini ya sheria za jimbo la Pennsylvania, na hiyo tarakimu ni mtaji wake. Ukiyaruka maandishi hayo unabaki na mzee na nyoka.

Hatua ya 3: Jua ni ugomvi upi wa pesa

Hapa usiharakishe. Karne ile ilikuwa na magomvi matatu tofauti, na ukiyachanganya kila utakachoandika kitakwenda kombo.

La kwanza ni la benki. Tarehe 10 Julai 1832, miezi michache kabla ya uchaguzi, Jackson alikataa kuiongezea uhai Benki ya Marekani, na mpinzani wake Henry Clay akaifanya hiyo kuwa hoja ya kampeni. Swali lilikuwa nani ashike pesa ya umma. Ukiona joka, au nguzo za jengo zikianguka huku watu wakikimbia, uko hapa.

La pili ni la karatasi. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, serikali ilianza kutoa noti ambazo hukuweza kuzibadilisha kwa dhahabu. Mgongo wake ulichapwa kwa wino wa kijani, nazo zikaitwa migongo ya kijani. Vita vilipokwisha watu wakagawanyika: ziendelee au zirudishwe kwenye dhahabu? Sheria ya 1875 ilisema kuanzia tarehe 1 Januari 1879 zibadilishwe kwa dhahabu, na waliopinga wakaunda chama chao na kumsimamisha Peter Cooper mwaka 1876.

Na mwanasesere ni huyu hapa. Karatasi ya wakati ule ilitengenezwa kwa matambara, ndipo mchoraji Thomas Nast wa jarida la Harper's Weekly akaichora noti kama mtoto wa matambara. Katika mchoro wake wa 1876, ndani ya kitabu cha mchumi David A. Wells, mtoto huyo anapewa kikaratasi kisemacho kuwa hayo ni maziwa kwa amri ya Bunge. Ukutani kuna picha ya ng'ombe, nayo imeandikwa kuwa ni ng'ombe kwa amri ya msanii. Nast anauliza kama amri inaweza kumshibisha mtoto. Nilipomsomea mpwa wangu maandishi ya ng'ombe alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe noti yenyewe ndiyo mtoto."

La tatu ni la fedha, yaani madini meupe: serikali itengeneze dola za fedha pia, au ishike dhahabu tu? Neno hilo liliwahi kunila siku nzima. Niliandika kwenye maelezo ya wanafunzi kwamba William Jennings Bryan, mgombea urais wa Democratic mwaka 1896, "alitaka fedha zaidi". Nusu ya darasa wakaelewa alitaka serikali itumie pesa nyingi, nusu wakaelewa madini. Insha zikaja za aina mbili, na ilinibidi nizirudishe zote. Kwetu neno ni moja, maana sarafu za pwani, rupia na reale, zilikuwa za fedha kweli. Kwa hiyo shika kanuni hii: madini meupe ni *fedha*, na kinachokaa mfukoni ni *pesa*. "Sera ya fedha" usiiandike popote kwenye insha hii.

Sasa hesabu ya 16 kwa 1, yaani uzito 16 wa fedha kwa uzito mmoja wa dhahabu, ambayo utaikuta kwenye mabango na beji za 1896. Dola ya fedha ilikuwa na grein (kipimo kidogo cha uzito) 371.25 za fedha safi, na dola ya dhahabu grein 23.22 za dhahabu safi. Gawanya: unapata karibu 16. Lakini sokoni mwaka huo kipande cha dhahabu kilinunua fedha yenye uzito wa mara 30 hivi. Maana yake, madini ya dola ya fedha yalifikia kama nusu ya dola tu, na wapinzani wakaiita dola ya senti 53. Mkulima wa Nebraska mwenye deni aliitaka hasa kwa sababu hiyo: dola nafuu ingemrahisishia kulipa. Bei ya ngano ilikuwa imeshuka miaka mingi, deni limesimama palepale, na kila mwaka alihitaji magunia mengi zaidi kulilipa. Ndiyo maana katuni ya ng'ombe, iliyotoka kwenye kijitabu cha William Harvey cha 1894, iliwagusa sana: ng'ombe amesimama juu ya ramani ya Marekani, wakulima wa magharibi wanamlisha, matajiri wa mashariki wanamkamua.

Tahadhari: usidhani chama cha Democratic chote kilikuwa cha fedha. Rais Grover Cleveland alikuwa wa chama hicho, naye alisimama na dhahabu. Mwaka 1896 wenzake wa dhahabu walijitenga na kumsimamisha John Palmer. Ukimwona mtu wa Democratic amechorwa upande wa dhahabu, usiseme mchoraji kakosea.

Hatua ya 4: Angalia mwenye gazeti

Tarehe 9 Julai 1896, Chicago, Bryan alisema mwanadamu asisulubishwe juu ya msalaba wa dhahabu. Septemba jarida la Judge, lililowaunga mkono Republican, likatoa mchoro wa Grant Hamilton: Bryan ameshika msalaba na taji la miiba, Biblia iko chini ya mguu wake. Wakati huohuo gazeti la Hearst, lililomuunga mkono Bryan, lilikuwa likimchapa Mark Hanna, meneja wa kampeni ya mgombea wa Republican, William McKinley, kwa kalamu ya Homer Davenport: jitu nene lenye suti iliyojaa alama za dola. Ziweke mbili hizo mezani pamoja.

Hatua ya 5: Andika

Anza na unachokiona, kisha maandishi, kisha ugomvi, kisha gazeti. Matokeo ya uchaguzi, McKinley kura 271 za wajumbe na Bryan 176, usiyaingize katika kuichambua katuni. Mchoraji alipokuwa akichora hakuyajua.