Pima modemu kwanza, kabla ya kununua mega zingine

Wandugu wa Bukavu, intaneti ikikatika msikimbilie kununua mega, yaani bando la intaneti. Kwenye Windows fungua dirisha la amri (cmd), andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa "Passerelle par défaut", maana kompyuta zetu nyingi zinasema Kifaransa. Namba ya hapo, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, ndiyo modemu yenyewe. Andika ping -t na namba hiyo (ping ni amri ya kubisha hodi kwenye mashine nyingine na kungoja jibu), uiache ikimbie dakika mbili tatu. Fungua dirisha la pili, andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google huko nje kwenye intaneti. Modemu ikijibu kwa milisekunde 2 au 3 huku dirisha la pili likikaa kimya, waifai ya nyumbani ni nzima; kasoro iko kuanzia modemu kwenda mnarani, au mega zimeisha kweli. Kama modemu yako ina betri, ibebe taratibu hadi kwenye dirisha la nyumba ukitazama majibu yakirudi. Kwa milima yetu hii, hatua mbili tu zinaweza kubadili mambo. Lakini modemu ikijibu mara moja na kunyamaza mara tatu, tatizo ni waifai: sogea karibu, au tumia waya.

Kipimo hiki hakionyeshi kasi. Pingi ya kawaida ya Windows hubeba baiti 32 tu, hivyo inapenya hata pale ukurasa unapokwama; ongeza -l 1400 kwenye amri hiyo ya ping uone kama mzigo mkubwa nao unapita. Tena kuna modemu zilizowekwa zisijibu pingi kabisa. Ikinyamaza na 8.8.8.8 inajibu, modemu haina kosa.