Jinsi ya kwenda kubeti farasi Ngong ukitokea Arusha, hatua kwa hatua

Machalii wengi hapa Arusha wakisikia nabeti farasi wanadhani nashinda kwenye kibanda naangalia wale farasi wa kwenye skrini. Hapana aisee. Wale wa skrini ni kompyuta inachagua namba yenyewe, hakuna jokei, yaani mpanda farasi wa mbio, hakuna kwato, hakuna cha kusoma, ukae dakika tano au siku nzima unajua kilekile. Mimi naongelea farasi wa damu na nyama, uwanja wa Ngong pale Nairobi, upo tangu 1954 chini ya Jockey Club of Kenya, na kwa sisi wa Arusha ndio uwanja wa karibu.

Kabla sijaanza kubeti nilikuwa saisi miaka sita kwenye mazizi upande wa Usa River, nawaosha, nawalisha, nawatembeza asubuhi. Kwa hiyo mwongozo huu umeegemea kwenye kumwangalia farasi kabla hujatoa hela, maana hapo ndipo naona watu wanaliwa bure.

Hatua ya kwanza, safari. Mbio ni Jumapili mchana na kuna miezi wanapumzika, cheki ratiba yao kabla hujakata tiketi ya gari. Ondoka Jumamosi asubuhi, shuttle ya Arusha Nairobi kupitia Namanga ni kama kilomita 270, ni masaa matano mpaka sita hivi, inategemea foleni ya mpakani na ile ya kuingia mjini. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya homa ya manjano. Hela badilisha kwenye duka la fedha lenye dirisha na risiti, usibadilishe kwa vijana wanaokimbilia gari. Mimi nilishapigwa hapo, jamaa alinihesabia bunda mbele ya macho yangu na hesabu ikatimia, kumbe noti za katikati zilikunjwa mara mbili kwa hiyo kila moja imehesabiwa upande huu na upande huu, nimekuja kugundua gari liko Kajiado.

Hatua ya pili, gawa hela kabla hujafika uwanjani. Nauli ya kurudi na ya chakula ikae mbali kabisa, ukiweza iache ulikolala. Inayobaki ndiyo ya kuchezea na uihesabu kama imeshaondoka. Tuseme una 3,500 za Kenya na siku ina mbio 7, hiyo ni 500 kwa mbio, usipandishe hata ukiliwa mara tatu mfululizo, hasa ukiliwa mara tatu mfululizo. Na hulazimiki kucheza zote, mimi nacheza tatu au nne, zingine naangalia tu. Kama hiyo 3,500 ni ya ada ya mtoto au ya kodi, ndugu yangu baki Arusha.

Hatua ya tatu, nunua kijitabu cha mbio pale getini. Humo kuna jina la farasi, umri, jokei, mkufunzi, uzito anaobeba na namba za mbio zake zilizopita. Namba zinasomwa kushoto kwenda kulia, ya mwisho kulia ndiyo ya karibuni, kwa hiyo 6421 ni farasi anayepanda na 1246 anashuka. Angalia na umbali, farasi aliyeshinda mita 1,000 anaweza kuishiwa pumzi kabisa kwenye 2,400. Halafu uzito, kwenye zile mbio za kusawazisha farasi mzuri zaidi anabebeshwa zaidi ili wadhaifu nao wapate nafasi, wanaongeza vipande vya madini ya risasi kwenye tandiko mpaka mzani utimie. Chagua watatu au wanne kwa karatasi, weka alama, lakini usiende dirishani bado.

Hatua ya nne ndiyo yenyewe. Kabla ya kila mbio farasi wanatembezwa kwenye uwanja mdogo wa duara, padoki, na hapo watu wengi wako baa. Wewe simama kwenye uzio mapema, kaa sehemu moja, waache wao wakupitie, kwa sababu farasi yuleyule ukimwona mara nne kutoka pembe moja unaona kilichobadilika.

Anza na miguu. Akikanyaga mguu wa mbele anaacha alama, sasa tazama mguu wa nyuma wa upande huohuo unatua wapi. Ukitua mbele ya ile alama, huyo mgongo umelegea na hatua ni ndefu, namtaka. Ukitua nyuma yake, anatembea kwa kujibana, kuna kitu kinamkaza. Mzee aliyenifundisha kazi mazizini alikuwa ananikalisha chini kwenye vumbi nitazame alama tu, hata kichwa cha farasi nisikione, mpaka nikaweza kumtaja kila farasi kwa nyayo zake.

Kisha jasho. Nairobi ikiwa na jua, jasho kidogo shingoni ni kawaida, usiogope. Ila ukiona povu jeupe katikati ya miguu ya nyuma, na hatamu imemsugua mpaka povu jingine limetoka shingoni, na mkia unapiga piga wakati hakuna nzi, huyo mbio zake anazimaliza palepale padoki. Kuna siku nilikuwa nimemwekea alama mmoja wa rangi nyekundu, namba zake safi, kipenzi cha watu wote, yaani ndiye aliyewekewa hela nyingi zaidi. Akapita mara ya kwanza masikio mbele, vizuri. Mara ya pili sikio moja limelala nyuma. Mara ya tatu anamvuta saisi mpaka yule kijana anatembea kwa visigino, na lile povu limeshaanza. Nikamfuta. Alitoka kwa kasi ya ajabu akaongoza mpaka kona ya mwisho, halafu akaisha kama betri, wa saba. Si kila mara itakuwa hivyo, wapo wanaotoka jasho na wanashinda, ila mimi hela yangu siiweki hapo.

Manyoya yang'ae, mbavu kuonekana kidogo si ugonjwa, farasi wa mbio anatakiwa awe mkavu kama mkimbiaji wa marathoni. Matako yajae misuli. Ukimaliza, rudi kwenye kijitabu chako, yule aliyebaki kwenye karatasi na kwenye macho ndiye. Kama hakuna aliyebaki kote kuwili, kaa na hela yako.

Hatua ya tano, dirishani. Taja namba ya mbio, aina ya beti, kiasi, halafu namba ya farasi, na soma tiketi palepale kabla hujasogea. Ya kushinda ni awe wa kwanza tu. Ya nafasi ni aingie kwenye wa mwanzo, wawili au watatu kutegemea wamekimbia wangapi, inalipa kidogo ila mgeni ndiyo ya kuanzia. Ile ya kutaja watatu wa kwanza kwa mpangilio inavutia sana lakini piga hesabu, farasi 10 wanaweza kumaliza tatu bora kwa mipangilio 720, na tiketi yako ni mmoja.

Sasa kuna kulipwa kwa aina mbili, watu wanachanganya. Kwa bukimeka, yule mtu anayepokea beti kwa bei yake mwenyewe, bei unapewa palepale, 5 kwa 1 maana yake ukiweka 100 unapata 500 ya faida na 100 yako inarudi, na bei hiyo ni yako hata ikishuka baadaye. Toti ni tofauti, hela zote zinaingia chungu kimoja, uwanja unakata chake, kinachobaki wanagawana walioshinda. Tuchukulie chungu kina 40,000 na makato ni asilimia 20, zinabaki 32,000. Kama farasi wako amewekewa 4,000 tu, kila shilingi inarudi 8. Lakini wewe ukiingia na 4,000 nyingine, chungu ni 44,000, baada ya makato 35,200, farasi sasa ana 8,000, kila shilingi inarudi 4.4. Umeishusha bei mwenyewe kwa mkono wako! Ndiyo maana kwenye chungu kidogo napeleka hela ndogo, na naenda dirishani dakika za mwisho wakati bei imeshatulia, kwa sababu unachosoma kwenye ubao nusu saa kabla si utakacholipwa.

Na yule kipenzi cha watu, kwa uzoefu wa mbio duniani anashinda karibu mara moja kwa kila tatu. Kwa hiyo akirudisha chini ya mara tatu ya ulichoweka ni hasara ya polepole, hata kama leo ameshinda.

Hatua ya sita, mbio zikiisha usiguse tiketi. Majokei wanarudi kupima uzito kwenye mzani, na waamuzi wanaweza kuchunguza kama kuna aliyemzuia mwenzake njiani. Mpaka watangaze matokeo rasmi, hakuna aliyeshinda. Mwaka wangu wa pili farasi wangu alikuwa wa pili kwa kichwa tu, nikachana tiketi kwa hasira nikaenda kutafuta nyama choma. Wa kwanza akaondolewa kwa kumkata njia wangu kwenye mita za mwisho. Nilirudi kuokota vipande chini ya viti mpaka jua linazama, nikapata viwili, namba ya tiketi haikutimia na dirisha likakataa, na walikuwa sahihi. Tangu siku hiyo tiketi zote zinakaa mfuko wa shati wenye kifungo, iliyoshinda na iliyoliwa, mpaka nimefika kulala. Ya ushindi lipwa siku hiyohiyo, hesabu ukiwa bado dirishani, na hiyo hela isirudi kwenye mbio inayofuata, iunge na ile ya nauli.