Kabla hujatuma makala kwenye jarida la kitaaluma: mambo ya kuzingatia

Soma mwongozo wa waandishi wa jarida hilo mpaka mwisho. Ukizidisha maneno au ukikosea mtindo wa marejeleo, mhariri anaweza kukurudishia makala kabla mhakiki yeyote, yaani mtaalamu anayeipima makala, hajaiona. Kama utafiti ulihusisha watu, taja namba ya kibali cha maadili. Kama jarida huficha majina ya pande zote mbili, futa jina lako hata kwenye taarifa za faili, na usiandike "kama nilivyoonesha katika utafiti wangu wa 2019", kwani hapo umeshajitaja. Makala moja, jarida moja kwa wakati mmoja. Kutuma kwenye mawili ni kosa la kimaadili.

Jua pia kinachotokea ukishatuma. Mhariri husoma kwanza. Akiridhika hutafuta wahakiki, mara nyingi wawili au watatu, ambao kwa kawaida hawalipwi na wana kazi zao. Kwa hiyo miezi hupita. Majibu ya kukubaliwa moja kwa moja ni adimu mno. Ukiambiwa ufanye marekebisho makubwa, furahi, maana mlango bado uko wazi. Jibu kila hoja ya mhakiki kwa namba, onyesha ukurasa uliobadilisha, na usipokubaliana naye leta ushahidi kwa adabu. Mwamuzi wa mwisho ni mhariri.

Sasa hili la kuchagua jarida, lisome polepole. Mwenzangu mmoja alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu, na chuo kilimtaka awe na makala zilizochapishwa kabla ya kutetea tasnifu. Muda unambana, barua pepe ikaingia: "Mheshimiwa Profesa, tunaomba makala yako, tutaichapisha ndani ya wiki moja." Hakuwa profesa. Alituma, akalipa, na makala ikatoka bila swali hata moja kutoka kwa mhakiki. Alipoipeleka kwenye kamati, mjumbe mmoja alifungua tovuti ya jarida na kukuta jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wahariri, wakati hajawahi kuombwa. Makala ikakataliwa. Ndugu yetu akaomba iondolewe, akadaiwa ada ya kuiondoa. Akaipeleka kwenye jarida la kweli, akajibiwa kwamba hawapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa. Takwimu alizokusanya kwa wakulima wa mwani, akina mama waliokaa naye ufukweni kwa uvumilivu wakimjibu maswali, zikaishia humo. Nilimwona akirudi Jambiani, kijiji cha pwani Zanzibar, kuanza upya wakati wenzake wanavaa majoho, na bado naumia nikikumbuka.

Utapeli huu ni mkubwa. Mwaka 2013 John Bohannon, akiandikia jarida la Science, alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi ya kisayansi kwa majarida 304, akitumia majina ya waandishi na vyuo vya Afrika vya kubuni. Majarida 157 yaliikubali. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya uchapishaji wa majarida ya OMICS ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti, pamoja na kudai kuwa makala zao zilihakikiwa.

Kwa hiyo ingia mwenyewe kwenye DOAJ, AJOL au Scopus, ambazo ni hifadhidata za majarida mtandaoni, utafute jina la jarida. Nembo zilizobandikwa kwenye tovuti yao hazithibitishi kitu, na ISSN ni namba ya utambulisho tu. Linganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi, kwa sababu kuna tovuti bandia zinazoiga majarida halali. Mwandikie mhariri mmoja kupitia anwani yake ya chuoni umuulize kama kweli yumo. Soma makala mbili za toleo la karibuni. Zikikutia aibu, ondoka. Ada peke yake haimaanishi wizi: majarida mengi halali yanayosomwa bure hutoza, na mengine husamehe waandishi wa nchi maskini, lakini uliza kabla ya kutuma. Orodha ya majarida yanayoshukiwa utapeli, aliyoitunza mkutubi Jeffrey Beall, iliondolewa mtandaoni Januari 2017, kwa hiyo usitegemee nakala zake za zamani. Muulize mkutubi wa chuo chako. Watu wengi humsahau.

Mengine: kubalianeni mapema nani ni mwandishi na jina la nani linatangulia. Tunza takwimu ghafi na kila barua pepe ya mhariri. Ukiombwa kupendekeza wahakiki, usimtaje rafiki yako wala mtu mliyeandika naye. Soma mkataba wa hakimiliki kabla ya kusaini. Na anayekuuzia nafasi ya jina kwenye makala ambayo hukuifanyia kazi, usimjibu. Wala anayejiita wakala wa kuharakisha uhakiki, hata kama ameletwa na mtu unayemheshimu.