Bunduki ya boliti inakoki saa ngapi hasa? Mauser 98 na Lee-Enfield

Wengi wanajua ukivuta boliti (kile chuma cha kufungia chemba, chenye mkono pembeni) nyuma ndo umekoki, yaani springi ya pini imebanwa tayari kupiga. Kwa Mauser 98 ya Wajerumani sio hivyo, kazi imeisha pale unaponyanyua tu mkono wa boliti.

Toa risasi zote kwanza, chungulia chemba (pale risasi inapokaa) halafu ingiza kidole uhakikishe, mtutu uelekee pasipo na mtu, na usiniambie "najua haina kitu".

Haya, nyanyua mkono taratiiibu huku unaangalia nyuma ya boliti. Ndani mna pini iliyozungukwa na springi ngumu, na mkiani mwa pini kuna kipande chenye jino, hilo jino linakaa kwenye pengo lililochongwa mshazari ukingoni mwa boliti, sasa boliti inazunguka robo duara lakini kipande hakizunguki maana jino limebanwa kwenye mfereji wa mwili wa bunduki, kwa hiyo hakina pa kwenda ila nyuma, na springi inabanwa. Ndo maana mkono mzito mwanzoni halafu ukifika juu unalegea. Vuta, ganda linatoka, sukuma, risasi inaingia, laza mkono. Kipande kimeshanaswa na kilimi cha triga (kinachokizuia mpaka uvute triga) na lile pengo limerudi mbele ya jino, njia nyeupe. Vuta triga, kilimi kinashuka, pini inaruka kugonga fataki kitakoni mwa risasi. Na kama hukulaza mkono vizuri jino linagonga ule mshazari, pini haifiki. Hapo Paul Mauser, aliyeibuni, alitumia akili kwelikweli.

Lee-Enfield ya Waingereza (zote mbili zilikutana Tanganyika vita ya kwanza ya dunia) ni kinyume. Kunyanyua mkono kwepesi, ila ukisukuma boliti, karibu na mwisho kipande kinanaswa na kilimi huku boliti inaendelea mbele, yaani springi unaibana wewe kwa kiganja. Wengine hawaipendi, mimi naipenda, maana ganda likikwama chemba ikiwa ya moto nguvu yako yote ya kunyanyua inaenda kwenye ganda, hugawani na springi.

Kujua imekokiwa, papasa mkia kwa dole gumba, ukiwa umetokeza nyuma ni tayari. Lee-Enfield hata unaweza kuukamata ule mkia ukaukoki kwa vidole bila kugusa boliti. Mauser 98 hauna pa kushika, ila nyanyua mkono na uulaze tena bila kuvuta, imekoki upya.